Makato Yapimwe kwa Faida: Mwongozo kwa Mwenye Duka Ntobeye Anayetaka Kupokea Malipo ya Simu na Kadi

Muulize mwenye duka wa Ntobeye kwa nini hataki kulipwa kwa simu, atakujibu kwa neno moja: makato. Muulize makato hayo yanamla shilingi ngapi kwa mwezi, hapo atasita. Si kosa lake. Karatasi za makato zimejaa madaraja, ada nyingine anakatwa mteja, nyingine anakatwa mwenye duka, na ile kubwa kuliko zote haionekani siku ya mauzo, inaonekana siku ya kwenda kwa wakala. Mwongozo huu unataka upate namba yako mwenyewe, ya duka lako, kisha uamue upokee malipo ya aina gani, kwa bidhaa zipi, na pesa ikishaingia uifanye nini.

Nazungumza na wewe mwenye duka la rejareja, duka la dawa muhimu au la pembejeo, mwenye saluni, mgahawa au nyumba ya wageni, uwe Ntobeye kwenyewe, Rulenge, Ngara mjini, au kule barabarani Benaco na Nyakahura yanakopita malori ya Rusumo. Mazingira yanatofautiana, hesabu ni ileile.

Anza na faida, si bei

Tuseme umenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 140,000, na ukiupima kilo kilo hadi uishe unapata 150,000. Faida yako kabla ya gharama nyingine ni 10,000. Anakuja mtu mwenye mashine ya kadi, anakwambia makato ni asilimia tatu tu. Asilimia tatu ya 150,000 ni 4,500. Katika ile 10,000 uliyoihangaikia wiki nzima, 4,500 imeondoka, na hapo hujalipa pango, umeme wala kijana wa kaunta.

Sasa mchukue msusi. Anatoza 15,000, rasta zimemgharimu 5,000, kinachobaki ni 10,000 ya mikono yake. Asilimia tatu ya 15,000 ni 450. Msusi akikatwa 450 ili asimpoteze mteja aliyekuja bila noti, amefanya jambo la maana. Mwenye sukari akikatwa 4,500 kwa sababu hiyohiyo, amefanya kazi ya bure.

Ndiyo maana ukisikia mwenzako anasifu au analaani malipo ya simu, kwanza uliza anauza nini. Mwenye mgahawa wa chai na chapati na mwenye duka la saruji hawawezi kupeana ushauri juu ya jambo hili bila kupotoshana.

Chukua daftari usiku, ukishafunga. Andika bidhaa zako kumi zinazotoka sana. Kwa kila moja andika bei uliyonunulia pamoja na usafiri wake, bei unayouzia, na tofauti. Gawanya tofauti kwa bei ya kuuzia, zidisha kwa mia. Wengi watakuta vocha, sukari, soda, unga na mafuta ya kula vipo chini kabisa, huku vipodozi, vitenge, vyombo na chakula kilichopikwa vikiwa juu. Asilimia hizo ndizo utakazopimia kila ada itakayotajwa hapa chini. Ukiruka hatua hii, yaliyobaki hayatakusaidia sana.

Kadi: nani anazihitaji

Mteja akichanja kadi kwenye mashine, yale makato hayaendi mahali pamoja. Sehemu inakwenda kwa benki iliyompa mteja kadi, sehemu kwa wenye mtandao kama Visa au Mastercard, na sehemu inabaki kwa benki iliyokupa mashine. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoweza kuijadili. Wengine wanasaini fomu wakidhani asilimia iliyoandikwa imetoka serikalini na haibadiliki. Sivyo. Umoja wa Ulaya uliona sehemu ya benki ya mteja imezidi, ukaiwekea ukomo kuanzia Desemba 2015: asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na 0.3 kwa kadi za mkopo. India, mwaka 2020, iliondoa kabisa ada ya mfanyabiashara kwenye malipo ya simu ya mfumo wao wa UPI. Ada ni makubaliano ya watu, na makubaliano huzungumzwa. Nyumba ya wageni inayojaa wageni kila wiki ina nguvu ya kumwambia meneja wa tawi, "Benki ya jirani wamenipa pungufu ya hapo."

Kwa Ntobeye nakwambia wazi: duka la rejareja la kijijini halihitaji mashine ya kadi. Wateja wako wenye kadi ni walimu, wauguzi na watumishi wengine wanaopokea mshahara benki, na hao karibu wote wana huduma ya benki kwenye simu. Mwalimu mwenye NMB Mkononi au SimBanking anaweza kulipa kwenye lipa namba yako moja kwa moja kutoka kwenye akaunti yake. Hana sababu ya kutoa kadi, na wewe huna sababu ya kuweka mashine inayodai chaji, karatasi na mtandao wa data.

Mwenye nyumba ya wageni Ngara mjini, mwenye kituo cha mafuta njia ya Rusumo, au mwenye kampuni ndogo inayouza huduma kwa mashirika na kwa wakandarasi wanaofuata nikeli ya Kabanga, hao ni kundi jingine. Mgeni wao anaweza kutoka Nairobi au Geneva na kadi tu mfukoni. Kama ni wewe, kabla ya kusaini uliza mambo haya na majibu yaandikwe: asilimia kwa kadi za ndani na asilimia kwa kadi za nje, maana za nje huwa ghali zaidi, mashine inakodishwa au ni bure, kuna kiwango cha chini cha mauzo kwa mwezi ambacho usipokifikia unatozwa, pesa inaingia kwenye akaunti baada ya siku ngapi za kazi, mashine ikiharibika fundi anatoka wapi, Bukoba au Mwanza, na kwa gharama ya nani.

Kuna swali jingine ambalo wauzaji wa mashine hawalianzishi wenyewe. Mwenye kadi akirudi kwao anaweza kuiambia benki yake kwamba malipo yale hakuyafanya au huduma hakuipata, na kwa madai mengi anaruhusiwa kufanya hivyo hata miezi kadhaa baadaye. Ikitokea, pesa inavutwa kutoka kwako hadi uthibitishe. Kwa hiyo risiti iliyosainiwa, nakala ya kitabu cha wageni na tarehe za kuingia na kutoka vitunzwe angalau mwaka mzima. Nyumba ya wageni isiyotunza kitabu haijawa tayari kwa kadi.

Na usimwongezee mgeni asilimia kimyakimya kwenye mashine. Kampuni nyingi za utalii Arusha na Zanzibar hutaja nyongeza ya kadi mapema, kwenye ankara. Huo ni uungwana. Ukimpa bei moja mdomoni na nyingine kwenye mashine, utalala na ugomvi. Kama lazima, panga bei ya chumba ikiwa na ada ndani yake, na anayelipa noti mpunguzie.

Lipa namba, na ile "ya kutolea"

Tanzania imekuwa na pesa za simu tangu 2008, M-Pesa ilipoanza. Mazoea yaliyojengeka muda wote huo ni ya kutumiana: mteja anatuma kwenye namba yako ya kawaida, na wewe unamwambia, "Weka na ya kutolea." Maneno hayo manne ni bei ya pili ya bidhaa yako. Mteja wa mafuta na sabuni za 18,500 anakatwa ya kutuma, anaongeza ya kutolea, na akifika nyumbani anajua kabisa kwamba dukani kwako vitu ni ghali kuliko kwa jirani anayepokea kwa lipa namba. Hatakwambia. Atahama tu.

Lipa namba imetengenezwa kwa ajili ya biashara. Mitandao yote mikubwa inayo: M-Pesa ya Vodacom, Airtel Money, HaloPesa, na ile iliyokuwa Tigo Pesa ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Mixx by Yas. Benki nazo zinatoa za kwao. Makato yake yamepangwa tofauti na ya kutumiana, na tofauti hiyo ndiyo unayotakiwa kuisoma kwa makini. Chukua karatasi ya kila mtandao na utafute mistari mitatu: mteja anakatwa nini akikulipa, wewe unakatwa nini ukipokea, na unakatwa nini ukiitoa pesa hiyo au ukiihamisha. Mtandao mmoja unaweza kuwa mwepesi kwenye mstari wa kwanza na mzito kwenye wa tatu. Anayetangaza "bure" mara nyingi anazungumzia mstari mmoja tu.

Huna haja ya kubandika lipa namba nne ukutani. Benki Kuu imejenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na mitandao ya simu, na imeweka alama moja ya kuskani kwa nchi nzima, TANQR, ili mteja wa mtandao huu aweze kulipa kwa mwenye duka wa mtandao ule. Angalia tu mteja wa mtandao mwingine anakatwa kiasi gani kukufikia. Kama wateja wako wengi ni wa mtandao mmoja, na kijijini jambo hilo huamuliwa na mnara upi unashika vizuri, chukua lipa namba ya mtandao huo. Simama mlangoni kwa siku kadhaa uwaulize wanatumia laini gani. Hakuna utafiti bora kuliko huo.

Usajili nenda nao kwa wakala mkuu au duka la mtandao, si kwa kijana anayepita na begi. Beba kitambulisho cha NIDA, TIN na leseni kama unavyo. Sisitiza jina litakalotokea kwenye simu ya mteja liwe lile lililoandikwa juu ya mlango wako. Mteja akiona jina asilolifahamu, ataghairi.

Pesa inakatwa zaidi inapogeuzwa noti

Hapa ndipo faida nyingi inapopotelea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tuseme kwa siku unapokea 100,000 kwa simu, na kila jioni unakwenda kwa wakala kuitoa kwa sababu kesho asubuhi gari la jumla linataka noti. Tuseme ada ya kutoa kiasi hicho ni 3,000. Kama faida yako kwa wastani ni asilimia 8, mauzo yale yalikuletea 8,000. Umemlipa wakala 3,000, zaidi ya theluthi ya faida. Kwa siku tano ni 15,000. Ungeacha pesa itulie, ukaitoa mara moja ikiwa 500,000, na tuseme ada ya kiasi hicho ni 7,000, ungeokoa 8,000 bila kuongeza mteja hata mmoja. Namba zako zitatofautiana na hizi, kwa hiyo weka za mtandao wako, lakini umbo la hesabu halibadiliki, maana ada hupangwa kwa madaraja, na kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa ndivyo asilimia inavyopungua.

Madaraja nayo yana mtego wake. Kama daraja moja linaanzia 100,000 na kuishia 199,999, anayetoa 100,000 na anayetoa 195,000 wanalipa ada moja. Anayetoa 99,000 yuko daraja la chini. Kwa hiyo usitoe kamwe kiasi kinachogusa mwanzo wa daraja: ama shuka chini yake kwa elfu moja, ama subiri hadi ulikaribie la juu. Bandika karatasi ya madaraja ndani ya mlango wa kabati, pale unapoweka daftari. Mama muuza vitenge ninayemfahamu ameipigia mstari wa kalamu nyekundu chini ya kila mwisho wa daraja, na hatoi pesa kabla ya kuutazama mstari.

Lakini njia bora kuliko zote ni kutoitoa kabisa. Mwenye duka la jumla Ngara mjini naye ana lipa namba. Muulize kama atakubali umlipe humo. Wakala wa soda na bia, msambazaji wa vocha, muuza dawa wa jumla, luku, ada ya shule ya watoto, hata mshahara wa msaidizi wako kama atapenda, vyote vinaweza kulipwa kutoka kwenye salio. Kila shilingi inayotoka ikiwa bado ni salio imekwepa ada ya kutoa, na imekwepa pia nauli ya bodaboda na hatari ya kubeba bunda la noti kwenye barabara ya vumbi. Ukiona nusu ya matumizi yako ya biashara yanaweza kulipwa kwa simu, pokea kwa simu bila wasiwasi mpaka kiasi hicho. Inayozidi ndiyo uihesabie ada ya kutoa.

Kwa kijiji kuna jambo ambalo karatasi ya makato hailiandiki: wakala kuishiwa noti. Siku ya mnada, au wakati fedha za kahawa zinapoingia kwenye simu na akaunti za wakulima, wote wanataka kutoa kwa wakati mmoja. Utazungushwa, utalazimika kupanda kwenda Ngara au Rulenge. Ukitumia tuseme 6,000 kwenda na kurudi na nusu siku duka limefungwa, hayo nayo ni makato, yaandike. Mwenye duka mwenye noti nyingi na wakala anayezihitaji wanaweza kusaidiana: zungumza na wakala wako, akiishiwa noti achukue kwako akuwekee salio, na wewe ukihitaji noti upate nafasi ya kwanza. Mkiandikiana na kusaini kila mara, ni mpango mzuri kwa wote wawili.

Wala usidhani noti ni za bure. Chenji unayokosa na kumpa mtoto pipi badala yake, noti bandia uliyoipokea taa ikiwa hafifu, pesa iliyopungua kwenye droo bila mtu kujua, safari ya kwenda kuweka benki. Hesabu na hizo. Halafu kuna mauzo ambayo noti haziwezi kuyaleta: kijana aliye Kahama au Geita anayetaka mama yake achukue unga na sukari dukani kwako, naye akulipe wewe moja kwa moja badala ya kumtumia mama pesa ambayo itakatwa tena kwa kutoa. Wateja wa namna hii ni waaminifu na hawakopi. Waambie wanakijiji wenye watoto mbali kwamba huduma hiyo ipo.

Ukiwa karibu na mpaka

Wilaya yetu ya Ngara imepakana na Rwanda pale Rusumo na Burundi pale Kabanga. Kuna mambo mawili hapa. Kwanza, simu inaweza kushika mtandao wa nchi ya pili na ukakosa ujumbe wa malipo, au ukalipia gharama za ugenini. Nenda kwenye mipangilio, uzime kuchagua mtandao kwa kujiendesha, uchague wako kwa mkono.

Pili, faranga. Tangu kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilipotoka Machi 2025, bei za bidhaa na huduma nchini zinatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi. Mazoea ya zamani ya kupokea faranga kaunta na kuzibadilisha mwenyewe baadaye yana hatari ya kisheria sasa, mbali na hasara ya kubadilisha. Mwelekeze mteja benki au duka la kubadilisha fedha, au muulize kama simu yake inaweza kutuma kuja Tanzania. Huduma hizo zina historia hapa: tangu 2014 Tigo ilikuwa ikipitisha pesa za simu kati ya Tanzania na Rwanda na kuzibadilisha njiani. Ila hesabu kiwango cha kubadilishia kilichotumika, maana hapo ndipo ada hujificha. Linganisha shilingi zilizokufikia na kile ambacho benki ingetoa siku hiyo.

Ujumbe si pesa

Wizi wa kawaida dukani hauna teknolojia kubwa. Mteja anashika simu, anaonyesha ujumbe "umelipa 45,000", anabeba mzigo. Ujumbe umeandikwa na mtu. Au unatumiwa kwenye simu yako ujumbe unaofanana na wa mtandao, kisha anapiga: "Kaka, nimekosea nimekutumia, naomba unirudishie." Unarudisha pesa yako mwenyewe.

Kanuni ya kaunta iwe moja na isivunjwe hata kwa shemeji: mzigo hautoki kabla hujaona salio limeongezeka kwenye menyu yako. Piga *150*00# kama ni M-Pesa, *150*01# kama ni Mixx, *150*60# kama ni Airtel, *150*88# kama ni HaloPesa. Mteja anapokaribia kuweka namba ya siri, mwambie asome jina kwa sauti:

"Dada, jina limetokea nani?"

Akisoma jina lako, aendelee. Akisoma jingine, tazama kibandiko chako, huenda mtu amebandika cha kwake juu yake usiku. Aliyekosea kutuma mwelekeze kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake, kazi ya kurudisha si yako. Namba za matapeli ziripoti kwa kutuma kwenda 15040.

Msaidizi aone ujumbe wa malipo, asiijue namba ya siri. Uliza mtandao wako kama simu ya pili inaweza kuunganishwa ili ipokee taarifa tu.

Na laini ya biashara usiikopee. Songesha, Nivushe na ndugu zao ni msaada wa dharura, lakini deni hulipwa kwa kukata pesa ya kwanza inayoingia. Ukikopa jioni, mauzo ya asubuhi yanamezwa kabla hujanunua mikate.

Kodi na daftari

Wengi wanaikimbia lipa namba kwa sababu ya TRA, ingawa hawasemi. Tuliseme. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100 hukadiriwa kwa mauzo, si kwa faida. Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye laini ya biashara kinaweza kusomwa kama mauzo. Michango ya harusi uliyokusanya, hela ya VICOBA, deni ulilorudishiwa, pesa ya ndugu: yote yakipita humo yanakuongezea mauzo usiyoyafanya. Tenganisha. Laini ya biashara ipokee mauzo tu, na kama wewe pia ni wakala, biashara ya uwakala ikae kwenye laini yake.

Upande wa pili wa kumbukumbu hiyo ni mzuri. Afisa makadirio akikuwekea mauzo makubwa kwa kutazama rafu zako, taarifa ya miezi kumi na miwili pamoja na daftari la noti ndiyo hoja yako. Benki nayo, ukienda kuomba mkopo wa kuongeza mtaji, itaanza na taarifa hiyo.

Jaribu wiki nne

Usiamue kwa maneno yangu. Kwa wiki nne, chora safu sita kwenye daftari: mauzo ya noti, mauzo ya simu, ada uliyokatwa kupokea, ada ya kutoa, nauli na muda wa kufuata pesa, na kiasi ulicholipia bidhaa kwa salio bila kutoa. Mwisho wa mwezi jumlisha ada na nauli, gawanya kwa faida ya mauzo ya simu, ile faida uliyoikokotoa usiku wa kwanza. Kwangu mimi, ikiwa makato yanakula chini ya sehemu ya kumi ya faida, endelea na uongeze wateja. Yakifika robo, usiiondoe lipa namba, punguza kutoa: tafuta msambazaji mmoja zaidi anayepokea kwa simu. Yakizidi robo hata baada ya hapo, bidhaa zenye faida nyembamba kama sukari na vocha ziuze kwa noti, andika hivyo kwa kalamu nene ukutani, na simu ibaki kwa vitu vingine. Vilevile chumvi na kiberiti, mteja mwenyewe hatataka kukatwa ada kwa kitu cha mia tano.

Hesabu hii irudie kila Julai, bajeti mpya inapoanza. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na waliokuwa wamezoea simu wakarudi kwenye noti. Septemba mwaka huohuo ilipunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikapunguzwa tena. Aliyekuwa na safu sita kwenye daftari alijua ndani ya wiki moja tozo imemgharimu nini na alijua wakati wa kurudi kwenye simu. Wengine walisubiri kusikia redioni. Karatasi ya makato ya mwaka jana itoe kwenye kabati, ubandike mpya, na mistari ya kalamu nyekundu uichore upya.